Ndoo ya Soda na Adhana ya Alasiri

Nilianza kazi Jumamosi, saa moja na nusu asubuhi, wiki ya kwanza ya likizo ya Juni, nikiwa kidato cha pili. Nilivaa sketi ya shule kwa sababu sikujua mtu anakwenda kazini amevaaje. Mama alinisindikiza mpaka mlango wa uani kwa Mwenyekiti, hapa Mtawanya, akanisukuma mgongoni kidogo kama anavyosukuma kuku aingie bandani, akaondoka zake.

Najua kuna watakaocheka kwamba msichana aliyemaliza kidato cha nne juzi tu anaandika habari za kustaafu. Chekeni. Kazi nimeifanya, nimehamishwa kituo, nimepandishwa cheo, nimekabidhi vifaa na kuondoka. Hayo ndiyo wastaafu wote wanayoyaandika. Namwandikia Rukia, aliyechukua nafasi yangu, na wale watakaokuja baada yake. Kwa mdomo nisingeweza. Mimi maneno yangu huishia kooni.

Kazi yenyewe ni sabuni za miche, zile ndefu za kufulia ambazo muuza duka hukukatia kipande. Kikundi chetu ni cha akina mama. Mwenyekiti ni Bi Somoe, mwenyeji wa Mikindani, mama mwenye sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo. Fundi Mkuu wakati ule alikuwa Bibi Tekla, Mmakonde wa Newala, mjane, mwembamba, asiyependa kukaa kwenye kiti. Yeye ndiye aliyechanganya. Wengine walikata, walipanga, waliuza, lakini ndoo ya soda, ile dawa kali ya kutengenezea sabuni, haikuguswa na mtu ila yeye.

"Shikamooni," nilisema.

"Eti nini?" Mwenyekiti aliuliza.

"Shikamooni."

"Marahaba. Huyu mtoto kameza ulimi? Tekla, msaidizi wako ndiye huyu. Akiungua atakuitaje?"

"Mwache," alisema Fundi Mkuu bila kugeuka. "Soda nayo haisemi, na kazi yake tunaiona."

Kituo changu cha kwanza kilikuwa maji. Nilichota, nilichuja kwa kitambaa, nilijaza ndoo za plastiki. Za plastiki, Rukia, si sufuria, maana sufuria za alumini huliwa na soda mpaka zikatoboka. Mchana nilisimama mbali kidogo, nikaona kwa mara ya kwanza soda inavyoingia majini. Ni vipande vyeupe vyembamba kama magamba ya changu. Fundi Mkuu alijifunga khanga puani, akavaa glavu, akainyunyiza kidogo kidogo huku akikoroga kwa mwiko mrefu wa mti. Maji yaliyokuwa yametoka kisimani yakaanza kufuka mvuke, na jiko hapakuwa nalo.

Nilisahau aibu yangu. "Bibi, moto umetoka wapi?"

"Umetoka humo humo. Soda na maji wamekutana tu, wakapandishana hasira." Akanyoosha mwiko kuelekea kwangu. "Sheria ni moja. Soda ni mgeni, maji ni mwenyeji. Mgeni ndiye humfuata mwenyeji. Siku ukimwagia maji juu ya soda, umemtuma mwenyeji amkimbilie mgeni njiani. Watapigana, na watakurukia wewe usoni."

Jambo hili nilikuja kulisoma baadaye darasani, na nitalieleza hapa kwa maneno yangu kwa sababu mwalimu wetu wa kemia alilieleza kwa Kiingereza na nusu ya darasa walilala. Kitu kikiyeyuka, mambo mawili hutokea. Kwanza chembe zake huachanishwa, na kuachanisha kunakula joto. Pili maji huzizunguka na kuzishika zile chembe, na kushikana huko kunatoa joto. Ukitaka kujua ndoo itakuwaje, angalia kipi kimezidi. Soda inashikwa na maji kwa nguvu sana, joto linalotoka ni jingi kuliko lililoliwa, kwa hiyo ndoo inachemka. Mbolea ya urea ni kinyume chake, ukiikoroga kwenye glasi ya maji, glasi inatoa jasho la baridi. Na kama huna mbolea, tia unga wa glukosi ulimini. Ule ubaridi unaousikia si utamu. Ni unga unayeyuka kwa mate yako na kukuibia joto la ulimi.

Kwa hiyo soda ikishayeyuka lazima ingojwe ipoe, ndipo ikutane na mafuta ya nazi. Ikikutana nayo ingali na moto mkali, mchanganyiko unapanda na kufurika, au unakatika, mafuta yanakaa juu na maji makali yanakaa chini. Ikikutana nayo ikiwa vuguvugu, unakoroga inakuwa uji mzito, unamimina kwenye makalibu ya mbao, na keshokutwa unakata miche.

Fundi Mkuu alikuwa na saa yake. Soda iliingia ndooni baada ya adhana ya adhuhuri, na ilikutana na mafuta baada ya adhana ya alasiri. Alizoea hivyo toka kikundi kinaanza. Wenzake walimtania.

"Tekla, ubatizo wako umekwenda wapi? Kila siku wewe na muadhini!"

"Mimi ni Mkatoliki," alijibu. "Lakini sabuni yangu ni Mwislamu safi. Bila alasiri haikubali."

Mwezi wa pili alinihamisha kutoka kwenye maji akanileta kwenye ndoo. Sikuomba. Alisema tu, "Njoo na huo mkono wako wa shule. Uweke hapa ubavuni. Unasemaje?"

"Unaungua, Bibi."

"Sana au kidogo?"

"Sana."

"Kama nini?"

Hapo nilinyamaza. Kwetu nyumbani mtu akikuuliza swali na ukachelewa kujibu, mwingine anajibu kwa niaba yako. Shuleni mwalimu anahamia dawati linalofuata. Bibi Tekla alisimama na mwiko wake akangoja. Alingoja mpaka nikaona aibu ya kunyamaza imezidi aibu ya kusema.

"Kama kikombe cha chai ambayo bado hainyweki."

"Haya. Tungoje."

Baada ya muda akaniita tena. "Na sasa?"

"Kama paji la uso la mtoto mwenye homa."

"Bado."

Alasiri ilipoadhiniwa nilimwambia ni kama maji ya kumwogeshea mtoto mchanga. Akatabasamu, akamimina mafuta. Tangu siku hiyo ikawa ndiyo kazi yangu. Likizo zote, Jumamosi zote, na siku za shule nikitoka mapema. Nilijifunza kusema ndoo ni kama jiwe la barazani saa nne, kama tumbo la paka, kama andazi ulilolifunika. Nilirudi nyumbani nikitafuta mifano. Mwenyekiti alisema, "Alhamdulillahi, bubu kasema, ila anasema na ndoo!" Watu walicheka na mimi nikacheka. Niliamini Bibi Tekla ananifundisha ufundi, kwamba siku moja nitaujua moto kwa kiganja kama yeye. Yeye mwenyewe sikumwona akigusa. Nikajiambia huyo ameshafika, hana haja tena.

Sasa nieleze siku ya pipa.

Nilikuwa kidato cha nne, wiki ya mitihani ya majaribio. Familia moja ya Madimba walikuwa wanamtoa mwali, binti yao amemaliza unyago, na walitaka kila kungwi na kila mgeni aondoke na mche wa sabuni. Kikundi kilikuwa hakijawahi kupata oda ya namna hiyo. Mwenyekiti alikuwa ameipigania, amekwenda Madimba mwenyewe, amekula wali wao na kuwaahidi. Alisema tukiitimiza hii, sherehe zote za huko mpaka Msimbati zitakuwa zetu, na kikundi kitaacha kuhangaika na wauza duka.

Mimi nilikuwa shule. Nilichoandika hapa nilisimuliwa. Mwenyekiti aliangalia zile ndoo zetu akasema, "Kwa vindoo hivi tutamaliza lini? Leteni pipa." Lilikuwa pipa la plastiki la kuhifadhia maji, safi, zima. Fundi Mkuu alilizunguka akilitazama.

"Mwanahawa hayupo leo," alisema, akinitaja mimi.

"Sasa Mwanahawa ndiye anayetia soda?" Mwenyekiti alimuuliza. "Tekla, wewe ni fundi wa miaka. Mtoto yuko kwenye mtihani."

Bibi Tekla akajifunga khanga puani. Adhana ya adhuhuri ikaadhiniwa, akatia soda. Alikoroga vizuri, taratibu, kila mtu anakubali. Adhana ya alasiri ikaadhiniwa, akasema haya, mafuta.

Joto la pipa si la ndoo. Soda ikiwa nyingi joto linalozaliwa ni jingi, na njia yake ya kutokea ni kwenye ubavu na juu tu. Uji wa kikombe unapoa ukiwa unaupuliza, uji wa sufuria ya harusi utakuunguza hata wageni wakishaondoka. Ile adhana ilikuwa ya ndoo. Pipa lilihitaji mpaka magharibi, pengine na zaidi. Mafuta yalipoingia tu, mchanganyiko ulipanda kama maziwa yaliyosahaulika jikoni, ukamwagika uani, watu wakakimbia na khanga zao. Kilichobaki kilikatika. Mafuta juu, maji makali chini, katikati vipande kama maziwa yaliyoharibika. Hakuna aliyeumia. Lakini mafuta yalikuwa ya oda nzima na hayakuwepo mengine. Watu wa Madimba walinunua sabuni za dukani, na kuja kwetu hawajaja tena mpaka leo.

Siku hiyo, na labda saa hiyo hiyo, mimi nilikuwa maabara na kikombe cha plastiki, nikiyeyusha soda ileile na kusoma kipimajoto kila dakika, nikichora mchoro wa kupanda na kushuka. Mwalimu alisahihisha papo hapo, nikapata alama za juu. Nilirudi mbio kumwambia Bibi Tekla, nikamkuta ameketi chini uani, anakwangua sakafu.

"Nimefaulu lile la joto, Bibi," nilisema kabla sijaelewa.

"Hongera, mjukuu wangu," alisema, na akaendelea kukwangua.

Mkutano ulifanyika Jumapili. Mwenyekiti hakuwa mkali, naomba hilo lijulikane. Alisema kwa upole kabisa kwamba kikundi hakiwezi kuendeshwa kwa adhana na bahati. Kipimo kinatakiwa. Mwalimu wetu wa kemia alimsaidia kupata kipimajoto, kile kirefu cha kioo chenye kimiminika chekundu. Na nani anajua kukisoma? Wote walinigeukia. Nikapewa cheo, Msimamizi wa Joto. Bibi Tekla akahamishiwa meza ya kukata.

"Nimekubali," alisema. "Mtoto anasoma."

Meza ya kukata hakukaa sana. Alikuwa anajikata. Watu walisema ni hasira, wengine walisema ni uzee. Siku moja hakuja, na kesho yake hakuja, na tukazoea. Mimi nilikuwa Fundi kwa kila kitu isipokuwa jina. Nilitumbukiza kipimajoto, nilisoma, nilisema "bado" au "tayari", na hapakuwa na haja ya mfano wowote. Sabuni zilitoka nzuri, zote sawa. Hakuna aliyeniuliza tena kama nini.

Sikumnyang'anya nafasi yake. Lakini niliikalia, na ilikuwa na joto lake bado.

Niliendelea hivyo mpaka nikamaliza shule, mpaka matokeo yakatoka, mpaka nikapangiwa kidato cha tano huko kwenye baridi, mbali na bahari. Siku ya kustaafu ilikuwa Ijumaa. Mwenyekiti alinifunga khanga mpya begani, akina mama wakapiga vigelegele, nikatakiwa niseme neno. Nikasema asanteni. "Kasema lote hilo!" Mwenyekiti alipiga kelele, wakacheka, akafuta macho kwa upindo wa khanga. Nilimkabidhi Rukia kipimajoto na glavu. Nikaondoka kwenda kumuaga Bibi Tekla, maana nyumba yake si mbali na nilikuwa nimeipita mara nyingi nikijifanya nina haraka.

Alifurahi kuniona. Alikuwa na sufuria ya chai jikoni, inachemka. Akaniuliza habari za shule mpya, na huku ananiuliza akainyanyua ile sufuria kwa mikono mitupu, akaibeba taratibu, akaiweka mkekani mbele yangu kama mtu anayeweka bakuli la mchele.

"Bibi, mikono!"

"Imefanyaje?"

Nilimshika nikamgeuza viganja. Kulikuwa na malengelenge mapya, na chini yake makovu ya zamani, meusi na meupe, mengine ya moto na mengine ya soda. Hakurudisha mkono. Aliniangalia kama mimi ndiye niliyeungua.

"Haisikii," alisema. "Ni sukari hii. Ilianza vidoleni, ikapanda."

"Toka lini?"

"Toka wewe hujaja na sketi yako ya shule."

Nilikuwa bado nimevishika viganja vyake. Aliningoja, kama zamani.

"Kwa hiyo ndoo..." nikasema.

"Ndoo nilikuwa nasikia kwa mkono wako. Mimi nilibaki na muadhini tu. Nikaona nina adhana na nina mtoto, sabuni itatoka." Alicheka kidogo. "Ile siku ya pipa nilikuwa na adhana peke yake."

"Nilidhani unanifundisha."

"Sasa mtu hawezi kuazima huku anafundisha?"

"Kwa nini hukumwambia Mwenyekiti?"

"Nimwambie nini? Fundi wa sabuni asiyesikia moto, wewe ungemweka? Ningeambiwa nipumzike. Nikipumzika nifanye nini, nihesabu kuku?" Akanimiminia chai, akakosea kikombe kidogo, ikamwagika kwenye vidole vyake, hakustuka. "Kunywa. Mimi siwezi kukwambia kama bado ya moto."

Hili ndilo ninalolibeba. Kile kipimajoto kilichomwondoa ndicho kingemweka. Kingekuwa mkono wake. Angeweza kukitumbukiza pipani siku ile, akasoma, akasema tungoje magharibi, na Madimba wangepata sabuni yao. Kilikuwepo dukani, kilikuwepo maabara, kilikuwa mkononi mwangu saa ileile. Kilichokosekana ni mtu wa kujua kwamba kinahitajika, na aliyejua aliona haya. Mimi nijuaye haya kuliko watu wote nilikuwa nimesimama karibu yake karibu miaka miwili, nikidhani ukimya wake ni ujuzi na wangu ni ugonjwa.

Rukia, ukiulizwa na mkubwa "unasemaje, kama nini?", jibu. Halafu muulize naye, "na mkono wako unasemaje?" Mimi sikuwahi kumuuliza. Haikunijia kabisa kwamba Fundi Mkuu anaweza kuulizwa.

Kesho yake asubuhi, Jumamosi, nilikwenda dukani nikanunua soda kidogo, mafuta ya nazi na glavu. Nilivaa sketi yangu ya shule, ile ile, sasa imekuwa fupi. Nilipofika nyumbani kwake nilichota maji nikayachuja, nikajaza ndoo moja, nikamvalisha Bibi Tekla glavu na kumfunga khanga puani, akatia soda kidogo kidogo, mgeni akamfuata mwenyeji. Adhana ilikuwa bado sana. Maji yakafuka mvuke. Akasimama na mwiko wake, akaniangalia.

"Haya, Fundi," alisema. "Kama nini?"

Nikaweka kiganja ubavuni mwa ndoo, sikukitoa haraka, nikatafuta mfano mpaka nikaupata.

"Kama sufuria uliyoibeba jana, Bibi. Tungoje."